Msifukie makaa mchangani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu kupiga kambi ufukweni niliisoma yote, maana hiyo ndiyo starehe yangu. Lakini nilipofika pale mnaposhauri moto ufukiwe kwa mchanga kabla ya kuondoka, nilishika kichwa.

Mimi ni Mzanzibari, fundi magari, huu mwaka wa 19 niko Maskati. Sikukuu ya taifa ya Novemba iliyopita tulitoka na magari mawili, mimi, shemeji yangu na watoto watano. Usiku wa kwanza tulilala kwenye machuguu ya mchanga ya jangwa la Wahiba, kupita mji wa Bidiya kidogo. Matairi tuliyapunguza upepo toka psi 35 mpaka 16; ukiingia na upepo wa barabarani utashinda unachimba kwa sahani. Kuni tulibeba toka mjini, kwani mighafu, miti ya jangwa la kule, ndiyo kivuli cha watu na ngamia, haikatwi. Alfajiri hema lilikuwa linachuruzika umande kama limenyeshewa. Jangwani hapo!

Siku ya pili tukazunguka hadi Al Ashkharah. Pwani ile si Nungwi. Upepo unavuma kutwa, mawimbi makubwa, mashua za wavuvi zinavutwa nchi kavu kwa magari. Mpwa wangu wa miaka 7 akashuka pekupeku kukimbilia maji. Hakumaliza hatua kumi, tukasikia yowe.

Mchanga ulikuwa laini, mweupe, hauna hata alama. Nilipofukua kwa mwiko, kina cha kiganja tu, makaa mekundu yale! Wenyewe walishaondoka, wametuachia mifupa ya mbuzi.

Mchanga hauzimi makaa, unayatunza. Bibi yangu alikuwa akivumbika kaa kwenye jivu usiku, asubuhi anapuliza mara mbili, chai inatengwa. Sasa nyinyi mnawafundisha watu kuvumbika moto njiani.

Tulimmwagia mtoto maji mguuni dakika 20, maji yetu ya kunywa ya siku nzima, kisha tukakimbilia zahanati. Ras al Jinz, ambako watoto waliahidiwa kuona kasa wakipanda kutaga, hatukufika. Kovu limebaki, kubwa kama sarafu.

Naomba mrekebishe. Makaa yamwagiwe maji, yakorogwe, yamwagiwe tena mpaka uweze kuyashika. Ufukweni bahari iko hapo hapo, kazi ni ndoo tu. Jangwani, ambako maji ni ya kunywa, ondoka na makaa yako kwenye chombo cha bati chenye kifuniko. Mimi nina debe la mafuta ya kupikia nililolikata mdomo, halishuki garini. Mke wangu halipendi hata kuliona, lishamtia masizi mabuibui mawili.

Fundi,
Maskati, Oman