Mnanaha si sumu tu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka 22 bila kukuandikia. Habari yenu ya Jumapili iliyopita, ya watoto waliokula mbegu za mnanaha, imenikera. Hatari ni ya kweli, na wazazi nawapa pole. Lakini kuandika kwamba mmea huo "hauna faida yoyote" ni kupotosha watu. Ndani yake mna atropini, dawa niliyoishika karibu kila siku thieta.

Nilikuwa mtaalamu wa usingizi. Daktari akivuta utumbo, mapigo ya moyo yakaporomoka, tunachoma atropini, na ndani ya dakika moja yanapanda. Mwisho wa upasuaji, neostigmini ya kumrudishia mgonjwa nguvu za misuli haitolewi peke yake. Atropini huandamana nayo, la sivyo moyo unazorota. Mfamasia Mjerumani, Mein, aliitoa kwenye beladona, ndugu wa mnanaha, mwaka 1831. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Usiku mmoja aliletwa kijana aliyeshinda akinyunyizia nyanya dawa ya wadudu, bomba linamvujia mgongoni. Shati limelowa, povu linamtoka mdomoni, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano, mapigo 38. Kwa sumu ile unaanza na miligramu 2 za atropini, kila dakika tano unaongeza maradufu, huku unasikiliza kifua mpaka maji yakauke. Kabatini mlikuwa na ampuli 9 za miligramu moja. Nikachoma 2, nikachoma 4, zamu ya kuchoma 8 ikafika nimebaki na 3! Stoo imefungwa, mwenye ufunguo kalala kwake, simu hapokei. Nikavunja kufuli kwa nyundo. Ndani mlikuwa na maboksi matatu yamejaa. Kijana alipona baada ya siku sita chumba cha mahututi. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya hospitali, na barua hiyo ninayo hadi leo.

Na hawa wa maduka ya pembejeo wanaopima dawa za wadudu kwenye chupa za soda, bila lebo, nani anawakagua? Ndugu wa yule kijana walituletea chupa ya namna hiyo, tukabaki kuinusa.

Kila hospitali iweke ampuli 100 za atropini chumba cha dharura, si stoo. Ufunguo avae shingoni muuguzi wa zamu ya usiku, na zihesabiwe kila asubuhi wakati wa kukabidhiana.

Mtaalamu wa usingizi mstaafu,
Morogoro