Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Tuweke Nini Stoo Kabla Mteja Hajafika

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mafundi wa vitanda, wazee wetu wa kazi, na nyinyi vijana mlioingia karakanani mwaka huu: assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote.

Mambo ya kawaida nitayapitia mbio. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mwenyewe baada yangu. Wenye deni la ada wamekwisha kuzungumza na katibu na wamepewa muda. Mashine yetu ya kukereza, ile ya kuchonga miguu ya vitanda kwa kuizungusha, pale Changamwe, Mombasa, imewekwa mkanda mpya na inafanya kazi. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo ambalo kamati imelijadili mwaka huu kuliko lolote lingine.

Baina yetu kuna kambi mbili. Wako wanaounda vitanda wakavimaliza, wakavipaka vanishi na kuvipanga kando ya barabara kungoja mnunuzi. Na wako wasiogusa ubao mpaka wapokee arbuni, yaani malipo ya kwanza ya oda. Wa kwanza wanafunga pesa zao katika kitanda ambacho huenda mteja akakitaka kipana zaidi, au cheusi badala ya chekundu. Wa pili wanamwambia bwana harusi asubiri mwezi mzima, na harusi yenyewe ni baada ya siku kumi. Nimewaona wa pande zote wakipoteza wateja, na ufundi wao hauna kasoro. Kinachowaangusha ni hatua ya kazi waliyochagua kusimama kumngoja mteja.

Kamati inapendekeza tusimame katikati: tutengeneze vipande mapema, kitanda tukiunde oda ikija.

Tazameni kitanda tunachouza sana. Kina vipimo vinne vya futi: tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, na sita kwa sita. Tia mitindo mitatu ya ubao wa kichwani na rangi tatu za vanishi, umeshapata vitanda vya aina 36. Hakuna hapa awezaye kubashiri ni kipi kati ya hivyo 36 kitakachoulizwa Ijumaa ijayo. Sasa kifungue kitanda hicho hicho. Urefu ni futi sita kwa vyote, kwa hiyo mfumbati, ubao wa ubavuni, ni ule ule. Tendegu, yaani mguu wa kitanda, ni lile lile. Kinachobadilika na upana ni kitakizo, ubao wa kichwani na miguuni unaoshika mifumbati, nacho kina aina nne. Chaga, mbao za kubeba godoro, hukatwa siku ya kuunganisha, na ubao wa mtindo wa kichwani hufungwa kwa bolti mwishoni. Basi aina sita za vipande zinatosha kubeba vitanda vyote 36.

Faida yake haiishii kwenye nafasi ya stoo. Wiki hii huuliziwa cha tano kwa sita, wiki ijayo cha nne kwa sita, lakini vyote vinataka matendegu manne. Makosa ya kubashiri aina moja yanafidiwa na aina nyingine. Kama mauzo ya kila aina yanapanda na kushuka kwa kiasi kilekile, na hayafuatani na ya nyingine, akiba ya tahadhari ya vipande vya pamoja inakuwa moja ya sita tu ya jumla ya ile ambayo ungeweka kwa kila kitanda peke yake, kwa sababu kipeuo cha pili cha 36 ni 6. Hizo ni pesa zinazobaki mfukoni mwa fundi.

Jambo hili si geni duniani. Benetton, kampuni ya nguo ya Italia, ilijulikana kwa kufuma sweta za uzi usiotiwa rangi, kisha kuzitia rangi baada ya kuona madukani ni ipi inayokwenda. Viwanda vikubwa huchagua mkakati ndani ya kompyuta. Katika programu ya SAP ya Ujerumani, mkakati namba 10 ni kuzalisha kwa ghala, namba 20 ni kuzalisha kwa oda, na namba 70 ni kuweka makadirio kwenye kipande cha kati badala ya bidhaa iliyokamilika. Sisi hatuhitaji kompyuta hiyo. Daftari linatosha, mradi liandikwe sawasawa.

Hapo kwenye daftari ndipo naomba tutulie, maana ndipo watu wanapotatizika. Tuseme tumekadiria matendegu 200 kwa mwezi. Zikaja oda za vitanda 15, yaani matendegu 60. Baadhi yetu wataandika 260 na kukimbilia mbao. Sivyo. Yale matendegu 60 yalikuwa tayari ndani ya 200. Oda hula makadirio, haiongezwi juu yake. Hesabu ya mwezi inabaki 200, na 140 bado zinasubiri mwenyewe. Oda zikifika vitanda 55 ndipo unatakiwa uwe na matendegu 220, na hapo ongeza 20. Na mwezi ukiisha makadirio hayakuliwa yote, kilichobaki rafuni kinapunguzwa katika kazi ya mwezi unaofuata. Anayesahau hilo atajikuta amezungukwa na matendegu na hana pesa ya vanishi.

Kwa vipande vya kila siku kuna njia nyepesi zaidi ya daftari. Ni kadi, kama walivyofanya Toyota chini ya mhandisi wao Taiichi Ohno. Rundo la matendegu linafungwa na kadi. Rundo likifunguliwa, kadi inarudi kwa mkerezaji, na hiyo ndiyo ruhusa yake ya kukereza rundo jingine. Bila kadi, hakerezi. Napenda njia hii kwa sababu kijana wa mwezi wa kwanza anaielewa, na kwa sababu inamzuia fundi hodari kuzalisha kupita haja. Mashine hukereza mtindo mmoja mfululizo bila kubadilishwa kila saa, na umeme ukikatika, wale wa gundi na msasa wanaendelea na vipande vilivyoko.

Kazi isimame wapi hasa? Tumekubaliana katika kamati kwamba tendegu likerezwe na litobolewe, lakini lisipakwe. Mashimo ni yale yale kwa vipimo vyote, kwa hiyo hatupotezi kitu kwa kuyatoboa mapema. Rangi ndiyo chaguo la mteja, ikishapakwa, hairudi.

Kalenda nayo ina neno lake. Soko letu la vitanda hufuata harusi, na harusi nyingi za hapa hufuata mwandamo wa mwezi: watu huoa Shaabani kabla ya kufunga, kisha tena baada ya Idi. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Fundi anayelinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana anajipotosha mwenyewe. Tulinganishe Shaabani na Shaabani. Kwa upande mwingine, Januari ni mwezi wa karo za shule, na Desemba ni ya wageni, hizo hazihami.

Kuna hatari moja nisiyotaka ipuuzwe. Kipande kinachokaa stoo kinaishi na hewa ya bahari. Kwa joto la nyuzi 27 na unyevu wa hewa wa asilimia 75 hadi 80, ambayo ndiyo hali yetu, ubao hutulia ukiwa na maji ya asilimia 14 hadi 16. Upeleke ndani ya chumba cha hoteli chenye kiyoyozi, ambako unyevu ni asilimia kama 50, utashuka hadi asilimia 9. Ubao unaopoteza maji hunywea, viungo vikaachia. Mwaka huu mwanachama mmoja alirudishiwa vitanda na hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini kwa sababu hiyo hiyo. Kazi yake ya mwaka mzima ikakaribia kuharibika. Kwa hiyo vipande vya oda za hoteli vikaushwe zaidi na vikae mbali na vingine. Vyote viinuliwe kutoka sakafuni, mchwa na fukusi wasivifikie, na kila rundo lipigwe alama ya rangi ya mwezi wake ili la zamani litoke kwanza.

Si kila kitu kiingie katika mpango huu. Vigoda vya soko la Kongowea havina haja ya kusubiri: bei ni ndogo, mnunuzi hasubiri, viundwe vikamilike. Besera, vile vitanda vyenye dari, na milango ya nakshi ni kinyume chake. Kila moja ni ya mwenyewe, na hapo cha kuweka ni mbao nzuri zilizokauka, basi. Nawakumbusha wale wanaosema mbao zipo siku zote: Februari 2018 serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, wengi wetu tulitafuta saiprasi tukaikosa.

Leo mkutano unaombwa kupitisha mambo haya: rafu za pamoja zijengwe Changamwe kwa fedha za akiba; mkerezaji wa zamu ashike kadi; na kila mwanachama anayechukua vipande alipe siku ya kuchukua, si siku ya kuuza. Najua hili la mwisho litazua mjadala. Wanachama wadogo wana hoja yao, na kamati imewaandalia nafasi ya kulipa kwa awamu mbili kwa muda wa miezi sita ya kwanza. Nawaomba msome jedwali mliloletewa kabla ya kura, hasa safu ya mifumbati, kwa kuwa bei yake imepanda kuliko tulivyotangaza mwezi uliopita.

Mwenyekiti