Kabuti nililokataa kumpimia mwenyewe

Philadelphia, Jumapili jioni

Fundi Mbarouk,

Assalaam alaykum. Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo, watoto na kijiwe kizima cha pale barazani. Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini siku hizi ukipiga husikii mlio wa cherehani. Imefunikwa kitambaa. Nashona kabuti kwa mkono mtupu, mishono yote mpaka ya bitana, na ukisikia ni kabuti la nani utacheka kwanza, halafu utataka kuliona.

Nina mteja, mzee wa Kimarekani mweusi. Yeye na wenzake huvaa sare za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huku, vile vya 1861 hadi 1865, wakapita mashuleni kuwaonyesha watoto maisha ya askari weusi wa wakati ule. Nje kidogo ya mji huu palikuwa na kambi iitwayo Camp William Penn, iliyofunguliwa 1863 kwa ajili ya askari weusi. Walifunzwa pale karibu 11,000, na babu wa babu yake mzee alikuwa mmoja wao. Sasa anataka kabuti kama la babu, kwa sharti kwamba hata ukiligeuza ndani nje liwe lile lile.

Fedha yake nyingi imeishia kwenye kitambaa. Ni sufu nzito, buluu ya mbingu. Ikishafumwa hulowekwa na kupondwa mpaka nyuzi zinang'ang'aniana, ukiikata haifumuki. Basi upindo wa chini haupindwi! Unakata, unaacha hivyo hivyo. Na kijoho cha mabegani vilevile. Mbarouk, sisi tuliolelewa kwamba ncha ya nguo ikibaki wazi ni aibu ya fundi, nilisimama na mkasi mkono hautaki. Marehemu mwalimu wetu angenitandika kwa rula ile ya mbao.

Kola inasimama. Mbele ni mstari mmoja wa vifungo vya shaba vyenye picha ya ndege tai, na kijoho kinashuka hadi kiwikoni ukinyoosha mkono, nacho kinafungwa vifungo vidogo mpaka juu. Mapindo ya mikono ni marefu makusudi: ukiyakunjua yanafunika vidole. Ukisimama nje usiku wa Januari hapa, utamwombea dua aliyelifikiria hilo.

Ndani, kiwiliwili kina bitana ya sufu nyepesi inayowasha, lakini mikono ina merikani. Ndiyo, merikani ile ile ya pamba isiyopaushwa iliyokuwa ikija Unguja kwa majahazi makubwa ya Salem, bandari ya huku Marekani, waliyovaa na kufanyia biashara wazee wetu mpaka bara huko. Na vita hivi hivi ndivyo vilivyoikatisha: pamba ikaadimika viwandani kwao, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaingia Unguja kuziba pengo. Nimeikata kwa heshima kidogo kuliko ile sufu, nakiri, lakini nimeishika muda mrefu zaidi.

Juu ya merikani hiyo, ndani ya mkono, ndipo ulipokuwa ukigongwa mhuri wa saizi. Saizi zilikwenda kwa namba, 1 hadi 4, na hapo ndipo tulipobishana na mzee. Yeye mwembamba, alikuja na picha ya mwenzake aliyebanwa kiunoni vizuri, anataka vile. Nikamwambia futi yangu haitamgusa. Babu yako hakupimwa na mtu. Alipewa namba, akavaa. Makabuti ya kuiga niliyoonyeshwa huku yameharibika hapo hapo, yamekaa vizuri mno, unaona kabisa kwamba fundi alimpenda mteja wake. Mzee alinuna, tukanywa chai, mwishowe akachagua namba 3. Linampwaya mabegani ajabu. Mimi nimefurahi.

Walioyashona makabuti yenyewe wakati ule wa vita walikuwa wanawake. Ghala la jeshi la Schuylkill, hapa hapa mjini, lilikata vitambaa, nao wakachukua mafurushi kwenda kushona nyumbani kwa mkono, malipo kwa kipande. Wenye tenda binafsi waliwalipa chini zaidi ya ghala, hata wakapeleka malalamiko mpaka kwa Rais Lincoln. Ndiyo maana mishono yangu siinyooshi kupita kiasi: midogo na ya kukaza kwenye kola na mabega panapovutwa, mirefu ya haraka pasipo na kazi. Anayelipwa kwa kipande hapotezi uzi.

Na aliyevaa naye alipunjwa. Askari mzungu alipata dola 13 kwa mwezi. Mweusi aliandikiwa 10, na humo zikakatwa 3 za nguo. Sheria ya kuwasawazisha ilikuja Juni 1864. Mzee aliniambia jambo hilo huku amelivaa kabuti lenye bandi tupu, ile mishono ya kushikiza kwa muda, anajitazama kwenye kioo, akasema hili lilishalipiwa. Bei niliyomtajia nikaipunguza palepale. Usimwambie mke wangu.

Uzi ni wa kitani. Makabuti ya makumbusho yana mishono ya kahawia, na wapo wanaonunua uzi wa kahawia kwa sababu hiyo. Ule ulitiwa rangi nyeusi-buluu ya kiini cha mti, ukachuja kwa miaka. Nimetia mweusi-buluu. Uchuje wenyewe.

Sasa shida yangu, na ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie. Matundu ya vifungo. Kwenye sufu nene hivi, uzi wa tundu unazama, na kwenye pembe unajikusanya kama uvimbe. Wewe unayeshona matundu ya kofia usiku kwa taa mbovu, naomba umwambie kijana wako akurekodi vidole kwa karibu unapozunguka pembe, polepole, bila maneno mengi. Niambie pia kama unapitisha uzi kwenye nta kabla au unaulowesha tu. Mteja anarudi mwisho wa mwezi, na nimebakiza matundu ya kijoho yote.

Nisalimie Bi Zuhura, na mwambie kanga zake nimezipata.

Wasalaam,
Wako, Hamadi