Kabla ya Chumba, Tafuta Jirani: Barua kwa Mnaokuja Dar na Watoto Peke Yenu

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaojipanga kuja Dar es Salaam na watoto, bila mtu wa kushika upande wa pili wa mzigo. Siku hizi mnaitwa singo maza. Enzi zetu jina hilo halikuwepo; watu walisema tu "yule wa chumba cha mwisho, hana bwana", na maneno yakaishia hapo, au yakaanzia hapo. Akina baba mnaolea wenyewe, nanyi mmo humu. Sogeeni.

Kilichonifanya niandike ni dada mmoja kutoka Iringa. Alinigongea mlango saa mbili usiku, mtoto mmoja mgongoni, mwingine wa miaka mitano kakumbatia kandambili iliyokatika mkanda, na begi la shangazi kaja limepasuka zipu. Alikuwa anamtafuta mjumbe. Mjumbe ni mimi, hapa Mbagala. Dalali alikuwa amempokea hapa hapa Mbagala, kituo cha Rangi Tatu, akala hela ya kuonyeshwa chumba, akamwonyesha chumba kizuri chenye marumaru, kumbe kina mwenyewe, kasafiri tu. Wamelala kwangu siku nne. Katika siku hizo nne aliniuliza maswali mengi sana: kodi, shule, kazi, nauli. Swali nililolisubiri hakuliuliza. Nitafika huko.

Mimi nilishuka stesheni mwaka 1988, kwa treni kutoka Tabora, na watoto wawili: wa kike miaka sita, wa kiume miwili. Baba yao alikuwa ameoa kwingine na kutuachia baiskeli, nami niliiuza nikapata nauli. Nikapanga Manzese, chumba kimoja, dirisha la nondo. Kazi nikapata kwa mama ntilie mmoja Kariakoo, kuosha vyombo na kukuna nazi. Ilinibidi niwe nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Watoto je? Niliwafungia. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, sitaki kuremba. Nilikuwa nawaachia uji kwenye chupa ya chai, ndoo ya kujisaidia pembeni, kisha natia kufuli kwa nje, naondoka. Miezi minne. Na majirani sikuwasalimia zaidi ya "habari za asubuhi", kwa sababu niliogopa wakijua niko peke yangu watanidharau, au watanichukulia poa, kama vijana wanavyosema.

Siku moja yule wa kike aliona uji umepoa. Akaliwasha jiko la mchina kama alivyoniona mimi nikifanya. Kanga ilikuwa imeanikwa juu ya kamba. Aliyesikia mtoto anakohoa ni bibi mmoja wa Kizaramo wa nyumba ya pili. Akatoka na mchi wa kinu, akapiga pete ya kufuli mara tatu, mbao za mlango zikaachia, akaingia. Niliporudi saa kumi jioni niliwakuta watoto barazani kwake wanakula muhogo, nyusi za binti yangu zimeungua, na mlango wangu umelala uani. Nilijua atanitukana. Alichosema ni hiki: "Si ungenigongea tu, mwanangu?"

Kuanzia kesho yake watoto walishinda kwake. Nilimlipa kila Jumamosi, na sukari kilo moja kila mwisho wa mwezi, mpaka wa kiume alipoanza darasa la kwanza.

Sasa, swali ambalo dada wa Iringa hakuniuliza ni hilo: mtoto nitamwachia nani? Nanyi karibu wote hamliulizi. Mnakuja mmeshika namba ya dalali na namba ya mtu wa kazi. Chumba mtakipata, Dar ina vyumba vingi kuliko nzi. Kazi nayo, hata ya kufua, itapatikana. Mtu wa kumwachia mtoto ndiye adimu, na ndiye anayetakiwa kukuamulia upange wapi. Nawaambia mpange kinyume na wanavyopanga wengine: kwanza mtu, halafu chumba karibu na huyo mtu, halafu kazi inayofikika kutoka hapo. Una shangazi Gongo la Mboto na rafiki wa kanisani Tegeta? Usiangalie nani ana nyumba nzuri. Angalia nani anashinda nyumbani.

Najua mtasema vyumba vya karibu na mjini ni ghali, ndiyo maana watu wanakwenda Chanika, Kivule, Bunju. Ni kweli. Ila pigeni hesabu yote. Anayepanga mbali kwa sababu ya kodi anapanda daladala na jogoo, anarudi saa tatu usiku, foleni imemla. Anamwacha mtoto amelala na kumkuta amelala. Nimewaona akina mama hapa mtaani ambao watoto wao humwita jirani "mama" na kumwita mama "dada". Inachekesha mara ya kwanza.

Tukizungumzia hesabu, njooni na ya chumba mkononi. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba atataka miezi sita, hiyo ni 300,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 50,000. Kabla hujanunua ndoo wala godoro imeshatoka 350,000. Omba miezi mitatu, wengi hukubali ukija mwenyewe, usoni, na mtoto. Dalali hatakuombea, maana hana haraka nawe. Usitoe hela kwa simu kabla hujamwona mwenye nyumba mwenyewe, na mkiandikiana, mwandikiane mbele ya serikali ya mtaa.

Chumba kikaguliwe mara mbili, mara moja iwe usiku. Mchana kila nyumba ni tulivu. Usiku ndipo utajua kama ukuta wa pili ni kilabu cha pombe. Uliza maji: ni ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, au ya kisima, maana visima vingi huku ni chumvi, sabuni haitoi povu na chai inakuwa kama dawa. Uliza umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, mnagawanaje. Nimesuluhisha ugomvi wa LUKU mwingi kuliko wa ndoa, na karibu kila mara chanzo ni friji ya mtu mmoja. Na ukiona chumba cha bei ya kutupa karibu na bonde, Kigogo, Jangwani, popote mto Msimbazi unapopita, jiulize kwa nini. Desemba 2011 maji yaliwatoa watu juu ya mapaa, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Bei ya chumba cha bondeni unailipa masika.

Mkishahamia, wiki ya kwanza nendeni kwa mjumbe na ofisi ya mtaa na barua ya utambulisho mliyotoka nayo kwa mtendaji wa kule. Msione ni mambo ya kizamani. Barua hiyo ndiyo itakuombea shule, ndiyo itakudhamini ukitaka mkopo, na siku mtoto akipotea mimi nitakuwa najua ni wa nani. Mtoto mwenyewe afundishwe jina lako kamili, jina la mtaa na namba ya simu, kwa wimbo. Wajukuu zangu wanaimba namba ya mama yao kama kwaya. Kariakoo ya mkesha wa Idi haina huruma na mtoto anayejua tu kuwa mama yake anaitwa "mama".

Shule: uhamisho uombwe kule kabla hamjaondoka, na namba ya mtoto ya PREM, ile aliyosajiliwa nayo shuleni, muichukue. Hameni Januari mkiweza, au likizo ya katikati ya mwaka, msimkatishe mtoto mitihani. Ada ya shule za serikali ilishafutwa kwa msingi, na kwa sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa mwaka 2016, lakini daftari, sare, uji na hela ya tuisheni havikufutwa, viwekeni kwenye bajeti. Wadogo waje na kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa. Karatasi zote zitie kwenye mfuko mmoja wa nailoni, mfuko ukae kwako, si kwenye buti la basi.

Narudi kwa mtu wa kumwachia mtoto, maana bado sijamaliza. Ukimpata jirani, mlipe. Hata akikataa, mlipe. Msaada wa bure unaanza kuchoka wiki ya tatu, na anayechoka hakwambii, anamkaripia mtoto. Kama ni kituo cha kulelea watoto mchana, omba uone usajili wake wa ustawi wa jamii, kisha ujifanye umesahau kitu, urudi saa tano bila taarifa. Utakayoyaona saa tano ndiyo kituo chenyewe. Na tafadhalini, msiniletee binti wa miaka kumi na mbili kutoka kijijini eti "dada wa kazi". Sheria inasema chini ya miaka 14 asiajiriwe, lakini hata sheria isingekuwepo: mtoto hawezi kulea mtoto. Nilimwachia wangu wa miaka sita mdogo wake, na nyusi zake mmeshazisikia.

Hili linalofuata huwa tunalinong'ona jikoni, leo naliandika. Chumba ni kimoja. Mtoto analala nyuma ya pazia. Upweke wa mji huu naujua, nilikuwa na miaka ishirini na saba, sikuwa jiwe. Lakini mwanamume uliyemjua miezi miwili asilale chumba hicho. Atakusaidia kodi, sawa; atakununulia gesi, sawa. Kuna watu wema, na mmoja wao nilikuja kuolewa naye. Yeye alikaa mwaka mzima akiishia barazani. Anayekasirika kwa kuishia barazani ameshajibu swali. Na mtoto wako akianza kuogopa kurudi nyumbani, au akianza kukojoa kitandani wakati alishaacha, usimpige, kaa naye, muulize. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ni ya msaada kwa watoto, haikati salio.

Kuhusu baba wa mtoto, wengi mnaondoka kimya kimya ili muwe mmemalizana. Heshima yenu naielewa, lakini tumbo la mtoto halina heshima. Zamani sheria ya matunzo ya mtoto ilitaja shilingi 100 kwa mwezi, na ilibaki hivyo mpaka shilingi 100 ikawa hainunui hata mkate. Mimi sikuifuata, nauli ya kwenda mahakamani ilikuwa kubwa kuliko haki yenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliyafuta hayo, sasa huangaliwa kipato cha mzazi. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii kabla hamjapanda basi. Atamwita, mtaandikiana, akikaidi mnakwenda mahakamani. Meseji za "nitatuma mwisho wa mwezi" msizifute.

Akina baba, yenu ni mafupi. Mwanamume anayepanga na binti mdogo hutazamwa kwa jicho la pembeni, na watu wana sababu zao, msinune. Mtafute mama mtu mzima wa nyumba hiyo, mkabidhi habari zako mapema kabla hawajazitunga. Na jifunzeni kusuka, angalau mabutu. Kuna baba mmoja hapa kwetu, fundi welding, anasuka mabutu yaliyonyooka kuliko ya salooni, na tangu wanawake waone hivyo hakuna anayemuuliza mama wa mtoto yuko wapi.

Ya mwisho ni ya safari. Mabasi mengi ya mikoani siku hizi yanashusha Mbezi Luis, kituo cha Magufuli, si Ubungo kama anavyokumbuka mjomba wako. Mkifika usiku mkubwa, msitoke. Kaeni ndani, penye taa, mpaka kukuche, watoto walale juu ya mizigo. Asubuhi ndipo upande gari la kuja huku, na hapo bodaboda asikwambie gari zimeisha.

Dada wa Iringa amepata chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu, anauza vitumbua, na mtoto mdogo anashinda kwangu kwa elfu mbili kwa siku. Mkubwa ameanza awali. Chumba changu cha uani kiko wazi tangu mwezi jana: maji ya kisima, LUKU tunagawana sawa, mwenye friji aseme mapema. Kodi miezi mitatu. Uje mwenyewe, usije na dalali.

Mama yenu, mjumbe,
Mbagala