Barua kwa Mama Aisha: sikoseli haitoki upande mmoja

Arua,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpendwa Halima,

Asalaam aleikum. Huku tuzima, alhamdulillahi, ila mvua zimeanza na njia ya kwetu ni tope tupu. Pole sana kwa kuuguza. Uliposema kwenye ule ujumbe wa sauti kwamba mikono na miguu ya mwanao Kassimu ilivimba na akawa hataki hata kuguswa, nililijua jibu la maabara kabla hujalitaja. Kwa mtoto wa umri wake, uvimbe wa namna ile mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu umesema Baba Aisha ni mtu wa kusoma. Akiambiwa kwa mdomo anaona anasemwa. Basi mpe karatasi hizi, ila ile ya mwisho ichomoe kwanza. Hiyo ni yangu na wewe.

Niseme kubwa kabla ya madogo: wapo wanaosema ugonjwa wa Kassimu umetoka upande wa ukoo wako, lakini haukutoka kwenu peke yenu. Haiwezekani. Wala sikutetei kwa kuwa tumekua pamoja. Ndivyo kurithi kunavyokwenda, na nitaeleza polepole.

Hapa kwetu Uganda ukitaja DNA, watu wanawaza jambo moja tu: mtoto ni wa nani. Mwaka 2023 gumzo lilikuwa hilo redioni, kwenye stendi za boda, mpaka kwenye matanga. Lakini kumtafuta baba si kazi ya DNA, ni sisi tu tunaoitumia hivyo. Kazi yake ni kuuelekeza mwili utengeneze nini, wapi, na kwa kiasi gani. Ni uzi mwembamba uliosokotwa, umo ndani ya karibu kila seli, na maelekezo yake yameandikwa kwa kemikali nne ambazo wataalamu wanaziita kwa herufi A, T, G na C. Tunapata seti mbili za maelekezo hayo, moja ya mama na moja ya baba, na kila seti ina herufi kama bilioni 3. Uzi wenyewe umegawanyika vipande 46, ndizo kromosomu: 23 za mama, 23 za baba. Hakuna aliyeleta nyingi zaidi. Sehemu ya uzi inayobeba maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini, ndiyo inaitwa jeni. Binadamu ana jeni za protini kama 20,000, na karibu kila moja anayo nakala mbili.

Umeuliza, nikacheka sana, mbona Aisha amefanana na bibi yake Hajati kama pacha wake, na wewe uliyembeba miezi tisa hukuachiwa hata pua. Baba Aisha alipata nusu ya DNA yake kwa Hajati na nusu kwa marehemu mzee. Naye alipompa Aisha nusu ya alichonacho, alimpa mchanganyiko wa hao wawili. Kwa hiyo kila mjukuu ana takriban robo ya kila babu na kila bibi, lakini hakuna anayechagua ni robo ipi. Na mambo ya sura, rangi ya ngozi na urefu hayashikwi na jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja inavuta kidogo, na kwenye urefu ongeza chakula na maradhi ya utotoni. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja wanatofautiana, na ndiyo maana mimi huwa siwaamini kabisa wanaomwangalia mtoto mchanga wakatangaza ni wa ukoo gani.

Sikoseli haiko hivyo. Hii ni ya jeni moja, na inafuata ile kanuni aliyoigundua mtawa Gregor Mendel kwa kuotesha njegere kwenye bustani ya watawa. Aliichapisha mwaka 1866, watu wakaipuuza mpaka 1900. Kanuni inasema hivi: kuna sifa ambayo mtu anaweza kuibeba bila kuionyesha, kwa sababu nakala yake ya pili ni nzima na inatosha kufanya kazi. Ataipitisha kwa mtoto wake bila kujua. Sifa inajitokeza pale tu mtoto anapopokea nakala hiyo kutoka pande zote mbili. Ualbino nao unarithiwa hivyohivyo, na hata mtoto wa damu O anaweza kuzaliwa na mama wa A na baba wa B.

Sasa njoo kwenye jeni yenyewe. Iko kwenye kromosomu ya 11, na inatoa maelekezo ya sehemu ya hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu. Sehemu hiyo ni mnyororo wa vipande 146. Cha sita kimeandikwa GAG. Kwenye nakala ya sikoseli, ile A ya katikati imekuwa T, ikasomeka GTG, na kipande kingine kikaingia mahali pasipo pake. Basi, ni hilo tu. Herufi moja kati ya bilioni 3, na nakala hiyo ndiyo tunaiita S. Ile ya kawaida tunaiita A, usiichanganye na ile herufi A ya DNA.

Matokeo yake mimi nayaona kwa macho kazini kwangu maabara. Nachukua tone la damu, nalichanganya kwenye kioo na dawa inayoondoa oksijeni, nafunika na kuziba pembeni hewa isiingie, nasubiri. Mwanzoni seli nyekundu ni za duara, zinapita kwenye maji bila shida. Halafu moja inachongoka, nyingine inajipinda kama mundu, nyingine inabaki na ncha mbili. Ndani ya hizo seli, hemoglobini ya S ikikosa oksijeni inashikana na kuwa nyuzi ngumu. Sasa fikiria seli hizo zinapita kwenye mishipa midogo ya vidole vya mtoto. Zinakwama, damu haipiti, na ndiyo maumivu yale unayoyaona. Tena hazidumu: seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120, hizi 10 mpaka 20 tu. Zinavunjika haraka, ndiyo maana macho yake yana umanjano, na mwili hauwahi kuzijaza upya, ndiyo maana damu yake iko chini kila wakipima.

Ila kipimo hicho cha kioo kina mpaka wake, na hapa Baba Aisha asome kwa makini. Kinaonyesha kwamba S ipo. Hakisemi kama ni moja au mbili. Mbebaji mwenye nakala moja, yaani AS, naye seli zake zitajipinda kwenye kioo ingawa ni mzima na anapiga mpira. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba imeonekana, mwombe kipimo cha elektroforesisi, kinachotenganisha hemoglobini kwa umeme. Pale AS anaonyesha mistari miwili, wa A na wa S. SS hana ule wa A kabisa. Na kwa mtoto mchanga kipimo cha kioo kinaweza kudanganya, kwa sababu miezi ya mwanzo bado ana hemoglobini ya tangu tumboni mwa mama, ambayo haifanyi seli zijipinde. Ndiyo maana Kassimu alionekana mzima mpaka alipoanza kukaa.

Jibu la Kassimu ulilonisomea ni SS. Maana yake kila mmoja wenu amempa S moja, na kwa kuwa nyinyi wenyewe si wagonjwa, nyote wawili mtakuwa AS. Basi chukueni sarafu mbili za shilingi mia tano, wewe moja na Baba Aisha moja. Upande mmoja uwe A, wa pili S. Zirusheni pamoja. Zikianguka A na A, mtoto hana kitu. A na S, au S na A, ni mbebaji. S na S, ni mgonjwa. Robo, nusu, robo. Wengi wanakosea hapa: wanadhani mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Hapana. Kila mimba ni kurusha upya, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Nimeona nyumba ya watoto wanne hakuna mgonjwa, na nyumba ya watatu wote wagonjwa, wazazi wakiwa AS kote kuwili. Kuhusu Aisha, kuwa mzima si ushahidi wa lolote. Anaweza kuwa AA, anaweza kuwa AS. Mpimeni, ajue kabla hajaanza kuchumbiwa.

Na S hiyo si aibu ya ukoo fulani. Kwenye uchunguzi mkubwa uliofanyika nchini mwaka 2014 na 2015, sampuli za watoto wachanga karibu laki moja kutoka wilaya zote, waliokuwa wabebaji walikuwa asilimia 13.3, na wagonjwa asilimia 0.7. Maana yake ukikusanya watu wanane kwenye teksi, huenda mmoja anayo. Kuna sababu. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Uganda, wakakuta kwa Baamba wa Bundibugyo wabebaji ni zaidi ya theluthi moja. Swali likabaki: nakala inayoua watoto kabla hawajazaa, mbona haijafutika? Mtafiti Anthony Allison alileta jibu mwaka 1954. Alipima watoto 290 wa maeneo ya Kampala, wengi wao Baganda. Kati ya wasio na S, 46 katika kila mia walikuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu. Kati ya wenye S, 28. Nakala moja ya S inamkinga mtoto asizidiwe na malaria. Kwa hiyo penye mbu wengi, waliokuwa nayo walikua, wakaoa, wakaipitisha. Nakala mbili hazina faida hiyo. Kassimu akipata malaria inaweza kumwangusha vibaya, chandarua kisikose hata usiku mmoja.

Mengine daktari ameshawaeleza, mimi nasisitiza tu: penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano, asidi ya foliki, maji mengi, asishikwe na baridi, na homa isingojewe asubuhi. Mwombe muuguzi akuonyeshe kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu. Ukiona imekuwa kubwa ghafla na mtoto amepauka, ondokeni saa hiyohiyo. Na ulizeni dawa ya haidroksiyurea. Zamani waliogopa kuwapa watoto wa sehemu za malaria, mpaka ilipojaribiwa hospitali ya Mulago pale Kampala kwa watoto wadogo, na matokeo yaliyotoka 2017 yakaonyesha haikuongeza malaria na wagonjwa walipata nafuu. Ile tiba ya kuhariri jeni iliruhusiwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, lakini bei yake sisi tuiache.

(Hapa ichomoe.)

Halima, sasa tumebaki wawili. Hajati akisema "kwetu hakuna ugonjwa huo", nadhani hajui neno hilo linaweza kwenda wapi. Kwa hesabu niliyoandika huko nyuma, mtoto wa SS lazima awe amepokea S kwa baba yake pia. Mtu mwenye nia mbaya akiyaunganisha hayo mawili atasema basi baba ni mwingine, na wifi yako wa Bugembe unamjua mdomo wake. Kwa hiyo usiliache neno hilo likazunguka, na pia usilijibu kwa ukali mbele ya watu. Dawa yake ni Baba Aisha apime. Atakutwa na S, mimi sina shaka, na hapo mazungumzo yatabadilika. Kisha yeye mwenyewe ndiye amwambie mama yake, wakiwa wawili, si wewe.

Amwambie kwa heshima. S yake ameipata kwa Hajati au kwa marehemu mzee, na yeyote aliyekuwa nayo, huenda ndiyo iliyomvusha malaria za utotoni enzi ambazo chandarua kilikuwa cha wakubwa wa serikali. Mzee akiambiwa hivyo anasikia tofauti na kuambiwa ukoo wake una ugonjwa.

Hao wanaomshauri aongeze mke apate watoto wazima, nimewasikia pia. Atakwenda na S yake hukohuko. Akimwoa mwingine bila kupima, na nchi hii ilivyo, anaweza kurudi kwenye hesabu ileile na watoto wa nyumba mbili wanaugua. Hilo mwambie siku akiwa ametulia.

Umeniuliza uzae tena au uache. Sitakujibu, na usimruhusu mtu mwingine akujibu kwa niaba yenu. Robo ni robo. Kuna wanaoiona ndogo na kuna wanaoiona kubwa, na aliyekesha na mtoto analia vidole ndiye anayejua uzito wake. Pumzika kwanza, uzazi wa mpango upo, Kassimu bado anahitaji macho yako yote.

Nitumie picha ya karatasi ya majibu, pande zote mbili, nione walitumia kipimo gani. Baba Aisha akikubali, mwambie asiende kwenye vile viduka vya vipimo vya barabarani, aende hospitali aulize hasa elektroforesisi. Nipigie baada ya isha, mchana simu yangu inakaa kwenye droo. Hela ya nauli ya kliniki nitakutumia Ijumaa kwa simu, na usinirudishie.

Nisalimie Aisha, na huyo Kassimu mpake mafuta ya vuguvugu miguuni kwa niaba yangu.

Wako,
Zainabu