Kwa Zuhura, kuhusu ukurasa wa kumi na moja

Armidale, Australia
Tarehe 18 Juni

Mpendwa dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Bwana na watoto mkiwa wazima wa afya, na kwamba Bi Mkubwa ameshapata nafuu ya miguu. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeingia kwa nguvu, na kila asubuhi nyasi za uani huwa nyeupe kwa sakitu. Mama Rehema ameniandikia kwamba umeumia moyo kwa kimya changu, na haki unayo. Ulinitumia rasimu ya kijitabu cha ukoo wenu tangu mwezi wa pili, ukaniomba niandike utangulizi, nami nikanyamaza miezi minne. Naomba unisamehe. Nilikuwa nimekwama kwenye ukurasa wa kumi na moja, palipo na ile hati ya mirathi ya babu yenu wa Pangani: shamba la ng'ambo ya Bweni, minazi, punda wawili, halafu mstari wa mwisho wenye watumwa sita waliotajwa kwa majina yao tu, bila majina ya baba zao. Mstari huo umeupiga kalamu, na pembeni umeandika kwa penseli, "Wazee wamesema haya ya wajoli tuyaache," kisha ukaniuliza maoni yangu.

Maoni sikuwa nayo wakati ule. Nimeyapata huku ugenini, kwa mwanamke aliyekufa kabla mimi sijafika nchi hii, na ndiyo sababu barua hii itakuwa na maneno mengi juu ya mtu usiyemjua. Nakusihi uisome yote.

Wiki iliyopita nilikwenda Myall Creek, mahali palipo mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka hapa, si mbali na mji mdogo wa Bingara. Tarehe 10 Juni 1838 kundi la wachunga mifugo, karibu wote wazungu, liliwafunga kamba wenyeji wa nchi hiyo wasiopungua 28, wa kabila la Wirrayaraay, wengi wao wanawake, watoto na wazee, likawaongoza hadi kando na kuwaua. Wauaji saba walinyongwa mwishoni mwa mwaka ule, lakini yule aliyewaongoza, ambaye alikuwa mtu huru wa familia yenye ardhi, hakufikishwa mahakamani hata siku moja. Mwezi Juni 2000 palizinduliwa ukumbusho, na waliosimama pale pamoja walikuwa vizazi vya waliouawa na vizazi vya waliowaua. Tangu hapo watu hukusanyika kila mwaka. Unapoingia, hupitishwa kwenye moshi wa majani mabichi ya mkaratusi, nao hukaa kwenye mtandio siku mbili kama buhuri ya nyumbani kwetu. Kisha unafuata njia inayopinda katikati ya miti, ukisimama kwenye kila jiwe kusoma kisa chake, hadi kwenye jabali kubwa la mwisho. Mbele yangu alitembea mama mmoja wa kizungu, mtu mzima, aliyekuwa akigusa kila jiwe kwa kiganja kabla ya kulisoma. Sikumuuliza yeye ni wa upande gani. Nilikukumbuka wewe na ile penseli yako.

Sasa nije kwa huyo mwanamke mwenyewe. Anaitwa Judith Wright, naye ni mmoja wa washairi wakubwa kabisa wa Australia. Alizaliwa tarehe 31 Mei 1915 katika shamba la mifugo karibu na mji huu ninaokaa, akakulia Wallamumbi, shamba la baba yake, katika nyanda za juu zinazoitwa New England. Neno shamba lisikufanye ufikirie minazi na mihogo. Hapa shamba ni malisho ya kondoo na ng'ombe yasiyo na mwisho machoni, ambako kwenda kwa jirani ni safari ya kufungasha, na watoto wa zamani walisomeshwa nyumbani kwa masomo yaliyoletwa na posta. Mama yake aliugua miaka mingi akafariki mwaka 1927, binti akiwa na umri wa miaka 12, na baadaye akapelekwa shule ya bweni hapa Armidale. Alikuwa kifungua mimba, mwenye wadogo wawili wa kiume, na alikua akijua kwamba ardhi ile aliyoipenda kuliko wote itakuwa yao, kwa sababu desturi ya wafugaji wale ilikuwa kumwachia mtoto wa kiume ardhi na kumtazamia binti aolewe.

Ukoo wao ni wa kale kwa hesabu za wazungu wa huku. Tawi lake moja, la George Wyndham, lilifika kutoka Uingereza mwaka 1827 na kujenga makao ya Dalwood katika bonde la mto Hunter, ambako walipanda mizabibu. Babu mzaa baba, Albert Wright, na mkewe May, walijaribu bahati yao mbali zaidi kaskazini, katikati ya Queensland, kwenye shamba liitwalo Nulalbin, na huko ukame na madeni viliwaandama mpaka wakarudi kusini, kwenye nyanda hizi. Albert alifariki mwaka 1890. May alibaki mjane mwenye watoto na mzigo wa madeni. Akaendesha mifugo mwenyewe, akalipa alichodaiwa, akapanua ardhi, hata alipofariki mwaka 1929 wanawe na wajukuu walikuwa matajiri wa nchi hii. Nilipofika kwa bibi huyu niliweka chini kwanza kitabu alichoandika Judith juu yao, kwa jinsi alivyonikumbusha nyanya yako alivyolishika shamba la Bweni peke yake baada ya eda.

Babu Albert aliacha shajara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana walipokwenda vitani na mashamba yakakosa mikono, Judith alirudi kumsaidia baba yake, na ni katika kurudi kule ndipo alipoiona upya nchi aliyozaliwa, akaanza kuifikiria na kuiandika. Kutokana na zile shajara na masimulizi ya nyumbani alitunga historia ya babu na bibi yake, ikachapishwa mwaka 1959. Ni kazi nzuri, Zuhura, imeandikwa kwa mapenzi, na bibi May anatembea mle kama mtu hai. Wenyeji wa asili wametajwa, ila wamekaa pembeni kama kivuli cha mtu apitaye nje ya dirisha. Kijitabu chenu kimenigusa kwa namna ileile. Ile sehemu ya nyanya yako na mahamali wa bandarini nimeisoma mara tatu.

Jambo ambalo limeninyima usingizi ni kwamba Judith alikuwa akijua. Baba yake alimsimulia habari za watu waliofukuzwa hadi ukingoni mwa genge refu na kusukumwa chini, mahali panapoonekana ukisimama Point Lookout, na tangu ujanani, katika miaka ya 1940, alikuwa ameshatunga shairi juu ya watu wale. Baba huyohuyo ni miongoni mwa waliopigania msitu wa pale uwe hifadhi ya taifa. Mwezi wa nne nilipelekwa kupaona. Ni juu sana, zaidi ya mita 1,500, na miti yake ya kale imefunikwa na kuvumwani za kijani toka shinani. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, kisha ukapasuka kidogo, genge likaonekana, likafunikwa tena. Basi mtu anaweza kujua jambo kwa babake, akalililia katika ushairi, na bado alipofika kuandika habari za babu yake mwenyewe, mkono ukaenda mahali pengine. Simlaumu. Najua mkono wangu nao ungekwenda hukohuko, na nadhani wa kwako ulikwenda na ile penseli si kwa sababu ya wazee peke yao.

Miaka ya 1960 alikuwa akisomea mchapishaji mmoja miswada, ukamfikia wa mama wa Kiaborijini aliyejulikana wakati ule kwa jina la Kath Walker, ambaye baadaye alirudia jina la kwao, Oodgeroo Noonuccal. Judith alishauri mashairi yale yachapwe, yakatoka mwaka 1964, na wawili hao wakawa marafiki hadi mwisho. Mwaka 1979 alijiunga na kamati iliyodai serikali ifanye mkataba na wenyeji wa asili. Katika miaka hiyo akazirudia karatasi za babu yake. Safari hii hakuzisoma peke yake. Alizisoma pamoja na nyaraka za serikali, magazeti na barua za walowezi wengine, akitafuta jibu la swali moja ambalo mara ya kwanza hakuliuliza: ile nchi babu aliyoiingia na ng'ombe ilikuwa ya nani?

Ilikuwa ya Wawadja. Kitabu cha pili kilitoka mwaka 1981, miaka 22 baada ya kile cha kwanza, na ndani yake mto Dawson ni uleule na mashamba ni yaleyale, lakini sasa Wawadja wamo, na inaonekana walivyopungua mwaka hadi mwaka. Ameeleza jinsi kikosi cha polisi kilivyotumia vijana wa kienyeji kutoka mbali, chini ya maofisa wa kizungu, kuwasaka wenyeji wa mahali pengine, jambo ambalo sisi tuliosimuliwa habari za askari wa Mjerumani hatuhitaji kufafanuliwa. Katika nchi hiyohiyo ya mto Dawson, mwaka 1857, Wayiman, kabila jingine la wenyeji, waliwaua wazungu 11 kwenye shamba la Hornet Bank, na kisasi kilichofuata kiliendelea miezi mingi kikaangamiza watu wengi mno, wakiwamo wasiohusika. Babu Albert alifika baada ya hayo. Ameonyesha pia kwamba ardhi nayo iliumia: malisho yaliliwa mpaka udongo, kisha mpungate ukatambaa na kuziba nchi. Hakumtukana babu yake. Mapenzi ya kitabu cha kwanza yamo hata katika hiki, na kwa kweli hilo ndilo lililonipa moyo wa kukuandikia, kwani niliogopa kwamba kuyasema haya ya wajoli ni kumvunjia heshima marehemu.

Aliishi mpaka tarehe 25 Juni 2000, siku 15 baada ya ule ukumbusho wa Myall Creek kuzinduliwa. Alikuwa na miaka 85, kiziwi kabisa, na wiki chache kabla ya kufa alitembea Canberra katika maandamano ya mapatano kati ya wazungu na wenyeji wa asili.

Kwa hiyo, dada yangu, maoni yangu ni haya: mstari wa mwisho wa hati usifutwe. Utangulizi nitauandika kwa furaha na nitautuma ndani ya wiki mbili, lakini nashindwa kuuandikia kijitabu kinachohesabu minazi na punda wa marehemu kisha kikakoma kabla ya kufika kwa watu. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922. Si mambo ya Firauni, ni zama za wazazi wa wazee wetu. Judith alisubiri miaka 22, naye alikuwa na bahati ya umri mrefu.

Najua wazee watasema nini, na hoja yao moja ina uzito. Watasema kwamba wajukuu wa watu wale sita tunaishi nao, tumeoana nao, tunazikana, na kuyaandika majina ni kuwaaibisha wao, si sisi. Nimeligeuzageuza jambo hili tangu nitoke Myall Creek. Nadhani tendo ni lenu, kwa hiyo kulikiri ni juu yenu bila kuomba ruhusa ya mtu: kwamba nyumba yenu ilimiliki watu, ikawarithisha kama minazi. Majina ni yao. Kama wanataka yasomwe, yachapwe. Kama wanataka yasitiriwe, basi iandikwe kwamba walikuwa sita na majina yao tunayo, tumeyahifadhi kwa matakwa ya vizazi vyao. Lakini lazima waulizwe, na aulizwe kwanza Bi Kidawa, angali na kumbukumbu zake. Yeye alilelewa mle ndani, na sijapata kusikia mtu akimwuliza zaidi ya mapishi.

Nijibu basi haya, hata kwa ufupi. Ni nani hasa aliyesema tuyaache: ni Mzee mwenyewe, au ni Shangazi aliyemsemea? Je, kuna yeyote wa kwa Bi Kidawa aliyeonyeshwa rasimu? Ile hati yenyewe iko kwa nani sasa, na imehifadhiwa wapi isiliwe na mchwa? Bwana anaonaje? Na wewe, uliponiuliza maoni yangu, ulikuwa umeshapata yako? Tena kuna jina la sita, ambalo kwenye picha uliyonitumia mkunjo wa karatasi umepita juu ya herufi: nasoma Faida, nikirudia nasoma Farida. Naomba upige picha nyingine mchana, karibu na dirisha, uinyooshe karatasi vizuri, unitumie.

Nisalimie wote nyumbani, na Mama Rehema umwambie nimeandika.

Wasalaam,
Somo yako, Mwanaidi