Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Nyaraka za Mji: Yapokeeni Madaftari ya Maduka ya Samani

Mheshimiwa Mkuu wa Nyaraka,

Duka la samani la familia linapofungwa, makabati huuzwa kwa bei ya kutupa, jengo hupata mpangaji mwingine, na madaftari ya vizazi vitatu huchomwa moto kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia wenyewe kwamba zile ni nyaraka. Ninaiomba ofisi yako itangaze kwamba itayapokea.

Historia ya watengenezaji wakubwa haina shida ya watunzaji. Inajulikana kwamba Michael Thonet, mtengenezaji wa viti vya mbao zilizopindwa, aliwakabidhi wanawe kampuni mwaka 1853, na kwamba viti 36 vya aina yake iitwayo namba 14, iliyoanza kuuzwa mwaka 1859, vilipofunguliwa vipande viliingia katika kasha moja la mita moja ya ujazo. Anayesahaulika ni mfanyabiashara wa mji mdogo aliyepokea makasha ya namna hiyo, akaviunga viti, kisha akamkopesha mteja asiyeweza kulipa kwa mkupuo.

Mkopo huo ndio unaolipatia daftari thamani yake. Humo huonekana aliyenunua kitanda alipooa, aliyerudi kwa kitanda cha mtoto, aliyesimamisha malipo alipokosa kazi, na yule ambaye deni lake lilikatwa kwa mstari mmoja wa wino bila maelezo. Kumbukumbu za vikao vya baraza la mji hazina habari hizo. Katika miji mingi ya Uingereza na Marekani, ambako fundi wa samani ndiye aliyechonga pia majeneza, duka lilishughulikia na mazishi, hivyo kitabu kimoja kingeweza kumfuata mtu tangu kitanda cha ndoa hadi kaburini. Sijui hati ya serikali yenye subira ya kiasi hicho.

Tumezoea pia kusema kwamba maduka haya yaliuawa na washindani wakubwa, hasa baada ya IKEA, kampuni ya samani ya Uswidi, kuanza, mwaka 1956, kuuza samani za kujiungia nyumbani. Sikatai, lakini maelezo hayo ni mepesi mno. Mara nyingine duka hufa kwa sababu watoto walisomea kazi nyingine, au warithi hawakuelewana juu ya jengo, na safu ya mishahara ya mafundi ilikwisha kufutwa daftarini miaka mingi kabla mshindani hajafika. Bila karatasi, hatuwezi kutofautisha kifo kimoja na kingine.

Najua utauliza kuhusu siri za wadaiwa, na swali hilo ni la haki. Madaftari yafungwe kwa miaka 70 tangu ingizo la mwisho, na sharti hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano ili familia zisiogope kuyatoa.

Kinachohitajika kwa sasa ni tangazo la ukurasa mmoja, rafu kavu, na mtumishi atakayekwenda dukani kabla ya siku ya mwisho ya mnada.

Natanguliza shukrani,

Mkazi wa mji